Mvua ya Mama Feza

Niliondoka Kasongo kwa sababu Kabambare ilikuwa na mvua mbili. Ya kwanza ilikuwa kwenye kompyuta, nyingi ya kupendeza. Ya pili ilikuwa ya wakulima, nao walisema haipo. Ofisi yetu hukusanya vipimo vya mvua pamoja na vyuo vikuu vya Ulaya na Afrika Kusini. Vikirudi huku vinakuwa ushauri wa kupanda, unasomwa redioni. Wenzetu wa ng'ambo waliniomba nikaone ni nani anayedanganya. Walikuwa wakiwashuku wakulima.

Asubuhi nilipanda pikipiki. Barabara ya Kabambare sitaieleza. Anayeijua ameshajishika kiuno. Karibu na Lusangi tulishuka tukaisukuma mlimani, dereva akasema tunaipumzisha. Mahindi ya kando ya njia yalikuwa yamenyauka.

Jioni, Kabambare, alinipokea Mama Feza, mjane mkulima wa karanga. Ndiye anayetunza kipimo chetu cha mvua na kututumia hesabu kwa simu. Alinilisha ugali na sombe, majani ya muhogo, kwanza, kisha akanipeleka kukiona. Tulikuwa tumekisimika katikati ya uwanja. Sasa kilisimama chini ya ukingo wa paa la bati, pale watu wanapokinga maji kwa ndoo.

"Mama, ni nani aliyekileta hapa?"

"Ni mimi. Kule kati ilikuwa inapata mvua kidogo tu. Watu ya mbali vile wanaomba mvua, niwapatie kidogo? Iko haya, iko aibu, papa."

Nilimweleza kwamba maji ya bati zima yalikuwa yanamiminika humo. Alisikiliza kwa makini.

"Na redio ilisema tupande, mvua iko ya kutosha. Ilikuwa mvua ya wapi?"

"Ya hapa kwako, mama."

Aligeuka akatazama shamba lake. Alikuwa amepanda mbegu yote, hata ya akiba, na yote ilikauka. Niliumia sana.

Kesho yake tulikirudisha kipimo uwanjani, nami nikarudi Kasongo nikaandika kwamba hakuna aliyedanganya. Ng'ambo walijibu kwa adabu: vipimo vya msimu mzima vimefutwa. Niliuliza kuhusu mbegu ya mama. Bado wanajadiliana.

Nilijifunza kwamba mabara mawili yanaweza kushirikiana vizuri sana katika kosa moja. Mbegu niliinunua mwenyewe, nikaituma kwa pikipiki. Mama Feza akanipigia simu.

"Aksanti sana, papa. Sasa niambie, nipande siku gani?"

Nilifungua kompyuta; kwa Kabambare, msimu mzima ulikuwa mtupu.