Zawadi Niliyompa Nyoka wa Lambo

Nilipokuwa mtoto, niliamini kabisa kwamba lambo la kijiji chetu, upande wa Bariadi, lina mwenyewe: nyoka mkubwa aliyelala topeni, akiyashikilia maji yasiondoke. Bibi ndiye aliyetuambia, mimi Kulwa na pacha wangu Doto. Pacha, alisema, haendi majini mikono mitupu. Basi tulitupa punje za mtama, tukamwamkia nyoka kama tunavyomwamkia babu, "Mwangaluka, guku," kisha ndipo tukachota.

Miaka ile ya ruksa, mitumba na beseni za plastiki zilipoanza kujaa magulioni, nilipelekwa Lamadi, kando ya ziwa, kwa shangazi aliyeuza samaki. Ziwani nikaona ua la zambarau likielea na majani yake, zuri kuliko kitenge chochote. Nikalibeba ndani ya beseni, kwenye basi, hadi nyumbani. Nyoka amechoka na mtama, niliwaza, safari hii atafurahi. Nikalitupa lamboni, na aliyejua ni Doto tu.

Kweli alifurahi! Mvua zilipokwisha, lambo lilikuwa kijani ukingo hadi ukingo. Ng'ombe walinusa majani, maji wasiyaone. Ndama wetu aliingia akidhani ni nchi kavu, akazama, akavutwa kwa kamba. Hakuna aliyethubutu kung'oa, maana wazee walisema nyoka amejifunika blanketi, na ukimfunua atahama na maji yake. Baba akaanza kusema atahamia Meatu na ng'ombe. Hapo nikalia, nikamweleza Bibi yote.

Nilingoja fimbo. Bibi akacheka hadi akajishika mbavu.

"Mayu, mama yangu, umempa guku zawadi, naye ameizidisha! Sasa aliyetoa ndiye aichukue. Tena jani kwa jani. Guku akibakiwa na moja, atadhani bado unampa."

Akatangaza kijijini kwamba pacha ndiye anayeruhusiwa kuanza. Asubuhi nikaingia majini, kamba kiunoni, Doto akiishika kwa mikono miwili. "Mwangaluka, guku. Naomba blanketi lako tukalifue." Hayo ya kufua niliyatunga mwenyewe. Nikavuta shina la kwanza, na nyoka hakutoka.

Ngoma ya kulimia pamba ikalia. Wanaume wakashuka wakicheza na majembe yao, kina mama wakaburuta majani na kuyaanika mbali na maji. Kambare mmoja aliruka, wanaume wazima wakakimbilia nchi kavu, na Bibi akacheka tena. Siku ya tatu ng'ombe walikunywa. Sijawahi kumwona baba akicheza vile.

Lakini kazi ya jani kwa jani ilibaki yetu. Kila Jumamosi, kwa miaka, mimi na Doto tulizunguka ukingoni tukitafuta machipukizi, nikinung'unika. Ukubwani nilimsikia mtaalamu akieleza kikaoni kwamba gugumaji hurudi kwa kipande kimoja kilichosahaulika, na mbegu zake hukaa topeni miaka mingi. Nikacheka peke yangu, watu wakanigeukia.

Sidhani kama Bibi aliujua mmea ule. Hakuwahi kuuona kabla sijauleta. Ninachojua ni kwamba hakunitaja kwa mtu yeyote. Kijiji kiliniita shujaa, naye akaniacha niitwe hivyo, mradi Jumamosi nirudi ukingoni. Nampenda kwa hilo hadi leo. Nikifika nyumbani, kabla ya kula, mimi na Doto tunalizunguka lambo. Mtama bado tunatupa. Maua, hapana.