Besi iliyonipa nafasi ya Jumapili

Leo nimeshinda shindano la kupiga besi, na naona aibu kuwaambia nilivyoshinda.

Kanisani kwetu Maisaka nafasi ya besi tunaipigania wawili: mimi na Elibariki.
Yeye ana gitaa la nyuzi nne, kuukuu, rangi imebanduka. Langu lina nyuzi tano. Anasema huo uzi wa tano ni wa kuanikia soksi.

Basi leo mazoezini Baba Glory, mwenyekiti wa kwaya, akaamua: kwaya nzima igeukie ukutani, kinanda tu kitusindikize, sisi tupige wimbo uleule kwa zamu. Mshindi anapiga Jumapili, ibada ya mavuno.

Elibariki akapiga. Safi tu, sikatai.

Nikapiga mimi. Jamani! Madirisha yalitetemeka. Nilifumba macho kabisa.

Baba Glory akapiga makofi: "Hiyo sasa ndiyo besi! Nyuzi tano ni habari nyingine!"

Elibariki akaanza kufunga begi lake.

Nami nikainama nichomoe waya wa spika kwenye gitaa langu.

Waya uko sakafuni. Pale pale Elibariki alipouacha.

Nikamgeukia Mama Upendo, mpiga kinanda wetu. Akanichezeshea vidole vya mkono wa kushoto.

"Nilikuona unahangaika bila sauti," akaninong'oneza, "nikakuhurumia."

Baba Glory hajui. Elibariki nimemfungia asione hapa.

Niseme ukweli au ninyamaze? Nijibuni haraka, maana Mama Upendo ameshaniuliza: "Jumapili utachomeka, au nipige tena mimi?"

Na bado nafikiria.