Ulezi Kwenye Dishi

Ilianza Jumamosi saa tisa na robo alasiri, mwalimu wetu wa fizikia alipopiga hodi. Ni Mjapani wa kujitolea, na Jumatatu alikuwa anahamia shule ya Mtowisa, bondeni, ambako hakuna umeme. Baba alikuwa amenunua dishi la mtumba Tunduma, na Ijumaa tukanasa kituo cha Japani. Nilipomwambia mwalimu, aliuliza mara mbili kama sitanii. Tangu aje Sumbawanga hajasikia mtu akiongea lugha ya kwao.

Tukawasha. Chenga tupu.

"Jana ilikuwa safi kabisa," baba akasema. "Yule wa Tunduma kanipiga."

Tukatoka uani. Mdomo wa chini wa dishi ulikuwa umetandikwa gunia, na juu ya gunia ulezi wa bibi unakauka. Uzito umelivuta dishi, limeinama kama ng'ombe anayekunywa maji.

"Mama, hii siyo sinia!" baba akamwambia bibi.

"Sasa nianike wapi? Chini kuku, juu ya bati upepo. Lenyewe linakaa tu."

Niliona aibu, lakini mwalimu alicheka. Akamwamkia bibi shikamoo, akaanza kuuchota ulezi kwa viganja. Alisema hata mama yake alianika samaki kwenye dishi lao. Kwao ni kisiwani, nyuma ya milima, na picha za televisheni zilikuwa haziwafikii. Ndiyo maana nchi yao ikarusha setilaiti, ili watu kama wao wapate picha moja kwa moja kutoka juu. Mwanzoni baadhi ya mitambo yake ikafa, ikabaki chaneli moja.

"Moja tu," akasema, "na kijiji chote kilikuja kukaa kwetu."

Baba na mwalimu walishika dishi. Mimi niliwekwa mbele ya TV, nipige kelele picha ikija. Tulikuwa na haraka, maana siku hizo umeme wa mtaa wetu ulikuwa unakatwa saa kumi na moja.

Mimi darasani nikijibu swali, mwalimu husogea hadi kwenye dawati langu ndipo asikie. Picha ikaja. Nikasema, "Imekuja." Ikapita.

"Vipi huko?" baba akauliza.

"Ilikuja."

"Unatuambia sisi au unaiambia TV?"

Ikaja tena. Nikafungua mdomo, sauti haikutoka. Ikapita tena. Dirishani nilimwona mwalimu anatazama saa yake, halafu anashika dishi upya.

Mara ya tatu nilifumba macho nikapiga ukelele: "Hapo hapo! Msiguse!" Jirani akachungulia juu ya ua.

Mwalimu aliingia na mikono yenye kutu, akasimama tu. Kwenye TV mwanamke alikuwa anaongea mbele ya ramani.

"Anasema nini?" bibi akauliza.

"Kesho mvua, kwetu." Alisema kwa sauti ndogo kuliko yangu.

Hakukaa kabisa. Alisimama hivyo hivyo mpaka umeme ulipokatika, akatushukuru mmoja mmoja, akaenda kufunga mizigo yake.

Jumapili asubuhi, kabla ya misa, nilichora alama ya mkaa kwenye bomba la dishi ili tujue lilipokuwa. Halafu nikatandika mkeka uani, nikaumwaga ulezi, nikakaa kufukuza kuku. Niliwafukuza kwa sauti mpaka bibi akatoka jikoni.

"We mtoto, punguza! Hao ni kuku, siyo Wajapani wa kushika dishi."