Ndege Iliyorushwa kwa Mdomo

Juzi nilimpeleka mdogo wangu kuanza shule ile niliyosoma, huku Korogwe, nikaiona ndege yetu juu ya kabati la mwalimu mkuu, imejaa vumbi. Hasira ikanirudia.

Tuliiunda mimi na binamu yangu Zuhura, tukifuata ramani ya gazeti kuukuu. Ramani ilitaka mti mwepesi sana, nasi tukachonga mabawa kwa mlingoti mkavu wa mkonge. Mota na rimoti tulivitoa kwenye gari la kuchezea. Mwalimu mkuu alisema tusiirushe kwanza, imsubiri mgeni rasmi wa sherehe ya shule. Mimi niliamini wageni ndio wanaojua kurusha ndege.

Mchana wa sherehe uwanja ulinukia vumbi lililomwagiwa maji. Nilisimama na rimoti, vidole vikinata gundi. Mwalimu akaja, akaichukua ndege.

“Shikamoo Mwalimu, tunairusha sisi,” Zuhura alisema.

“Ikianguka mbele ya mgeni, uso wangu nitauweka wapi?”

Akaiinua juu ya kichwa, akazunguka meza kuu akivuma kwa mdomo, “Vuuuu!” Mgeni akapiga makofi.

“Washa basi!” Zuhura alininong’oneza.

Nikabonyeza. Pangaboi likalia, ndege ikavuta kwenda mbele, na Mwalimu akaishika kwa nguvu zaidi.

Juzi aliniona nikiitazama, akatabasamu. “Tumeitunza. Haijaanguka hata mara moja.”

Mimi si msemaji, lakini safari hii nilijibu: “Itaangukaje, Mwalimu, na hukuiacha iruke?”