Kikombe cha Mfaranji

Kila asubuhi Mfaranji, Mzungu mpangaji wao, mnunuzi wa hariri katika mji wa Halabi huko Shamu, aliketi mkekani kwa mama yake Antun, amekunja miguu yake mirefu, akipuliza kahawa. Mama alimmiminia tena na tena, maana mgeni hakutikisa kikombe kuonyesha ametosheka. Antun hakumwambia desturi hiyo, makusudi, aumbuke.

“Kunywa, mwanangu,” mama alisema. “Huyu wangu akionja tu, mbio sokoni!”

“Mwanao ni mimi, mama, si huyo bwege!”

Jumapili walialikwa kwa jirani. Mfaranji akanywa kikombe kimoja, akakitikisa taratibu kama mzawa, akakirudisha. Kumbe alijua siku zote!

Kesho yake Antun hakwenda sokoni. Alimnyooshea mama kikombe aongezewe, mkono ukimtetemeka kwa wivu. Mama akaona kikombe kinatikisika.

“Umeshatosheka?” akasema, akampita kumfuata mgeni.