Feni Iliyokuwa Kimya Laini Saba

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya kompyuta ya mtaa wa Laini Saba sikupewa bisibisi. Fundi Mkuu, mzee mrefu kutoka upande wa ziwa, alinionyesha kompyuta iliyofunguliwa mgongo akasema, “Mama, usiguse kitu. Sikiza kwanza.” Nikasikiza. Nilichosikia ni nyundo za watengeneza majiko, grainda ya mchomea vyuma, na mhubiri aliyefungulia spika zake tangu asubuhi. Feni yenyewe niliiona tu ikizunguka.

Ninyi vijana mmezizoea kompyuta za kipande kimoja, lakini wakati ule zilitushangaza. Kioo na mashine vimeshikana, hakuna sanduku la kando. Uzuri wake ni kwamba hazili nafasi. Ubaya wake ni joto. Prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa mashine, hupata moto ikifanya kazi, na mle nyuma ya kioo hakuna pa kupumulia. Kwa hiyo huwekewa bamba la shaba la kunyonya joto, na feni ya kulisukuma nje kupitia matundu. Joto likizidi, mashine hujizima yenyewe isiungue.

Kipimajoto hatukuwa nacho. Fundi Mkuu alitufundisha kuweka kiganja mgongoni mwa mashine na kusali Baba Yetu bila haraka. Ukifika Amina na mkono bado upo, mashine ni nzima. Mkono ukikimbia kwenye mkate wetu wa kila siku, fungua, toa vumbi kwa pampu ya baiskeli, badilisha grisi ya kwenye bamba. Kelele tulipima kwa sikio tu, na mimi niliringa kwamba nina sikio zuri kuliko wanaume wote pale.

Mwishoni mwa mwaka 2007, mwaka wa uchaguzi, redio ndogo ya mtaa iliyokuwa ikijengwa Kawangware ilituomba kompyuta ya kuweka studioni, karibu na maikrofoni. Tulikuwa na mbili za mitumba. Moja tuliiita Nyeusi, ilikuwa na feni mbili ndogo. Nyingine Nyeupe, yenye feni moja pana. Fundi Mkuu akaniachia kazi ya kuzilinganisha. Nyeusi ilifika Amina bila shida. Nyeupe ilinichoma kabla sijasamehewa makosa yangu. Kwa kelele sikuona tofauti, zote zilikuwa kimya. Nikachagua Nyeusi, nikaenda kuifunga mwenyewe huku maseremala wakipigilia mbao za studio.

Kisha kura zikapigwa, matokeo yakatangazwa, watu wakaanza kupigana kwa makabila, na mimi sikuielewa tena dunia. Watoto wetu, Mutheu na wadogo zake, namshukuru Mungu, walikuwa bado Machakos tangu Krismasi. Kioko, mume wangu, aliuza suruali za mitumba Soko la Toi. Moshi ulipoonekana upande wa sokoni alisema, “Nakimbia nitoe mzigo, narudi saa hii.” Hakurudi. Simu yake ikawa haipatikani. Jioni hiyo wapangaji wa ploti yetu wakaanza kuhama, na jirani niliyekuwa nikiazimana naye chumvi akanipita bila kuniangalia. Sijui aliniogopa au alinichukia. Mpaka leo sijui.

Nikakimbilia tawi la karakana yetu lililoko Kawangware 46, kama tunavyokiita kituo cha matatu cha pale. Meneja wa Tawi, mama mkali lakini mwenye utu, alinipa stoo ya kulala. “Kazi iko,” akaniambia. “Ile redio imefungua. Watu wanaenda kusema wako wapi ili watu wao wawapate. Lakini wanalalamika mashine yako inapiga kelele.”

“Haiwezekani,” nikasema. “Hiyo mashine ni kimya.”

Nikaenda. Studio ilikuwa chumba kimoja kilichofunikwa trei za mayai ukutani. Nje hapakuwa na nyundo wala matatu, maduka yamefungwa, mtaa mzima umenyamaza. Na ndani, Nyeusi ilikuwa ikilia kama nyuki ndani ya kopo. Mtangazaji, msichana aliyeitwa Awuor, alinivalisha vipokea sauti. Kila mtu aliyesema alisikika yuko nyuma ya mlio ule. Nikamwuliza kama kuna mtu aliyebadilisha feni. Akasema iko vile niliiacha.

Nilikaa chini nikiwa nimechanganyikiwa kabisa. Ilinichukua muda kuelewa jambo ambalo mtoto angelielewa. Miaka yote tulikuwa tukipima kimya katikati ya nyundo. Feni ndogo hulazimika kuzunguka kwa kasi ndipo zisukume hewa ya kutosha, na kasi ndiyo mlio. Feni pana huzunguka polepole. Nyeupe ndiyo iliyokuwa kimya, na nilikuwa nimeikataa. Kuzima feni za Nyeusi kungeizima mashine yenyewe, na nyaya hazikutosha kuitoa nje ya chumba.

Nikampigia Fundi Mkuu. Alikuwa amejifungia karakanani. “Nyar Machakos,” akasema, maana kwa lugha yake aliniita binti wa Machakos, “nitakuletea mpaka Ngong Road. Zaidi ya hapo mimi sipiti.”

Nilimkuta kwenye kituo cha petroli, jasho linamtiririka, Nyeupe iko kifuani imefungwa kwa shuka. Nikamwuliza amepitaje vizuizi vya vijana barabarani.

“Wamenishangilia!” akasema. “Wameona kioo wakadhani ni TV nimetoa kwa duka. ‘Mzee pia amebeba! Pita, buda, pita!’ Miaka yote hii nafanya kazi halali sijapigiwa makofi. Leo nimepigiwa kwa wizi.” Tukacheka, kisha akalia, na mimi sikujua nimshike mkono au nimwache. Nikamshika.

Nyeupe haikusikika kabisa. Lakini moto wake ulikuwa palepale, kwa hiyo nilikaa studioni kiganja kikiwa mgongoni mwake, nikisali kimoyomoyo. Mkono ukishindwa nampa Awuor ishara, anatangaza mapumziko, tunaizima mpaka ipoe. Watu waliingia mmoja mmoja. Mimi fulani, niko kwa shangazi, mniletee dawa. Mimi fulani, mtoto yuko nami. Foleni ilipokwisha Awuor akanigeukia. “Na wewe, mathe? Hakuna mtu unatafuta?”

Nikasogea kwenye maikrofoni. Nilisema kwa mpangilio, kama fundi anavyotoa ripoti: jina langu, kwamba watoto ni wazima, kwamba niko Kawangware 46, na kwamba Kioko aache suruali zake aje. Awuor naye akaongeza maneno machache, tukafunga matangazo.

Siku chache baadaye Kioko alisimama mlangoni pa tawi, amevaa koti lisilo lake. Alikuwa kwenye uwanja mmoja pamoja na wengine waliokimbia, na kinyozi mmoja pale alikuwa na redio. Alichokiona Toi hakunisimulia, nami sikumchokoza.

Nimestaafu sasa. Nilimaliza kazi nikiwa Meneja wa Tawi hilohilo. Vijana huja kuniuliza ipi bora, mashine inayopoa au mashine iliyo kimya, nami huwauliza kwanza itakaa wapi na nani atakaa nayo. Yale mengine, jinsi watu wanavyoweza kukaa pamoja miaka kisha wakageukana kwa siku moja, hakuna aliyenifundisha kuyapima. Nimeyawaza sana na sijapata jibu.

Asubuhi ya kwanza bila kazi, tukinywa chai, nilimwuliza Kioko kile ambacho sikuwahi kumwuliza: siku ile redioni, nilipomwambia aache suruali zake, alicheka?

“Suruali gani?” akasema. “Mama Mutheu, wewe hukusema kitu. Huyo msichana ndiye alisema uko 46.”

Nikabisha. Nilisema jina langu, nikasema watoto, nikasema kila kitu.

“Hata jina hukutaja,” akasema, akiweka kikombe chini taratibu. “Ulilia tu. Ulilia vile ulilia tukimzika mamako. Ndiyo nikajua ni wewe.”