Baba Alinipima Urefu Tu

Timu yetu ya mtaa wa Joubert Park inacheza mpira wa Australia, ule wa umbo la yai, na msimu ukiisha tunabadilishana wachezaji na timu ya mtaa wa Malvern. Anayeamua ni kocha, lakini wanaobishana ni mashabiki, na wao hukutana kwenye chumba cha ushonaji cha baba.

Jumamosi moja nilikuwa humo, nyuma ya pazia, nikipiga pasi jezi za timu.

"Wafupi tunao wa kutosha," alisema jirani yetu Mkongo. "Tunataka mrefu wa kurukia mpira katikati ya uwanja. Malvern wanaye. Tuwape wetu wawili."

"Wawili kwa mmoja? Ndugu yangu, unadhani hizi ni nyanya?" akamjibu mama mmoja wa Burundi.

Baba, ambaye kwa mambo ya timu hanyamazi, alinyamaza. Hapo ndipo nikaanza kumshuku, maana mchezaji mfupi kuliko wote ni mimi.

Walipoondoka akaniita. "Njoo nikupime, nikushonee jezi mpya."

Baba hupima mabega, kifua, kiuno, ndipo urefu. Sijawahi kumwona akiruka hata kimoja. Siku hiyo alinisimamisha ukutani, akapima urefu tu, akauandika kwenye simu, akautuma.

Nikamwambia, "Baba, kiuno hujapima."

Alizungusha futi vidoleni. "Malvern si mbali, mwanangu. Na kocha wao anapenda wafupi wenye mbio."

Nilirudi kwenye pasi. Jezi iliyobaki ilikuwa yangu, ya Joubert Park. Niliinyoosha vilevile kama nyingine, hata kola.